Nakala Iko Wapi? Tathmini ya Kache ya Faili ya Nuke na Skripti za Kuifikia

Kwa miaka mitatu sasa ninafanya kazi ya kuunganisha tabaka za picha katika studio ndogo iliyoko Ntinda, jijini Kampala, nikitumia programu ya Nuke, na katika muda huo sijaona sehemu yake iliyoniokolea saa nyingi zaidi kuliko kache ya faili, ile inayonakili faili za seva na kuziweka kwenye diski ya mashine ninayoikalia. Sehemu hiyohiyo ndiyo iliyonilazimu kuandika skripti nyingi kuliko nyingine yoyote, kwa sababu programu inajua nakala ilipo na inaisoma bila taabu, ila mwenye kazi akiuliza njia ya faili (yaani anwani yake kwenye diski) kwa Python, lugha ya kuandikia skripti ndani ya Nuke, anajibiwa njia ya seva. Tathmini hii inahusu mambo hayo mawili kwa pamoja: unakili wenyewe, ambao nauona kuwa mzuri sana, na ufikiaji wa njia za nakala kwa skripti, ambao bado unamtwisha mtumiaji mzigo uliopaswa kuwa umebebwa na watengenezaji.

Nuke inatengenezwa na kampuni ya Foundry ya London. Ilianza mwaka 1993 kama chombo cha ndani cha Digital Domain huko California, na Foundry ikachukua uendelezaji wake mwaka 2007. Kila hatua ya kazi ndani yake ni nodi, na picha huingia kupitia nodi iitwayo Read, yenye kisanduku kiitwacho file kinachobeba njia ya faili. Picha zenyewe kwa kawaida si video moja bali ni msururu wa fremu, kila fremu na faili yake, na katika kazi zetu karibu zote huwa za umbizo la EXR, lililotolewa wazi kwa umma na Industrial Light & Magic mwaka 2003.

Hesabu ndiyo inayoonyesha kwa nini nakala ya karibu inahitajika. Fremu moja ya pikseli 1920 kwa 1080, yenye chaneli nne za biti 16 na isiyobanwa, ina uzito wa megabaiti 16.6 hivi. Ukitaka kuutazama msururu huo kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, chanzo chako kinapaswa kukupa karibu megabaiti 398 kila sekunde. Mtandao wa waya wa gigabiti moja, ambao ndio tulio nao, hauwezi kuvuka megabaiti 125 kwa sekunde hata katika nadharia, na kiasi hicho kinagawanywa kati ya watu watatu wanaochota kutoka seva moja. Kubana faili kwa ZIP kunapunguza uzito, lakini picha iliyopigwa usiku, yenye chenga nyingi za kamera, haibaniki kwa kiasi cha kuleta nafuu ya kweli. Na hapo ninazungumzia nodi moja tu ya Read, wakati shoti ya kawaida ya tangazo ina tano au sita: picha ya kamera, gari la 3D, kivuli chake, moshi, anga jipya. Diski ya SSD ya SATA inatoa takriban megabaiti 550 kwa sekunde na ya NVMe inatoa mara kadhaa ya hapo. Shoti ya fremu 200 za aina niliyoitaja ni gigabaiti 3.3, ambazo kwa waya wetu hunakiliwa kwa nusu dakika hivi ikiwa hakuna mwingine anayechota, na baada ya hapo husomwa kutoka hapohapo mara zote utakazorudia kuitazama shoti hiyo kwa wiki nzima.

Kuiwasha huduma hii hakuhitaji ujuzi wa pekee. Katika mapendeleo ya programu kuna ukurasa wa Localization, ambamo unaandika folda ya kuhifadhia nakala na kikomo cha gigabaiti, na kila nodi ya Read ina chaguo lake la sera: kunakili daima, kunakili pale tu faili inapotoka katika njia uliyoitaja mapema, kusubiri amri yako, au kutonakili kabisa. Unakili hufanyika nyuma ya pazia huku ukiendelea na kazi, na mstari kwenye nodi hukuonyesha ulipofikia, kisha hubadilika rangi unapokamilika. Nimeufanyia majaribio kwenye shoti zenye nodi zaidi ya kumi za Read, na nasema bila kusita kwamba tofauti kati ya kufanya kazi nao na kufanya kazi bila huo ni tofauti kati ya kuona mwendo wa picha na kuubahatisha. Mtu anayerekebisha ukingo wa nywele au mtikisiko wa nembo iliyobandikwa kwenye ukuta hawezi kuamua chochote kama picha inasimama kila nusu sekunde.

Jambo la kwanza ninalolishauri kwa yeyote anayeanza ni kuihamisha folda ya nakala. Kwa chaguo la awali imewekwa ndani ya folda ya muda ya Nuke, ile inayotajwa na kigezo cha mazingira kiitwacho NUKE_TEMP_DIR, katika folda ndogo ya localize, na kwenye mashine nyingi hiyo huangukia diski ileile yenye mfumo wa kompyuta. Diski hiyo ikijaa, si Nuke peke yake inayoumia. Sisi tuliweka SSD ya pili kwenye kila mashine, tukaipa kazi hiyo moja tu, na kikomo tukakiweka chini kidogo ya ukubwa wake.

Sasa nije kwenye skripti, kwa maana hapa ndipo penye mengi.

Swali lenyewe ni rahisi kulitamka. Mkuu wa studio yetu, ambaye sote tunamwita Mzee, huliuliza kila umeme unapokatika na seva ikazimwa ili betri zihudumie mashine za kazi peke yake: nakala iko wapi, na je, imekamilika? Ningependa Python inipe jibu kwa mstari mmoja. Lakini nikichukua nodi ya Read na kuisoma thamani ya kisanduku chake cha file, napata njia ya seva yenye %04d mahali pa namba ya fremu. Nikitumia nuke.filename pamoja na nuke.REPLACE, namba ya fremu inajazwa mahali pake, jambo linalofaa sana, ila njia inabaki kuwa ya seva. Naelewa kwa nini imekuwa hivyo. Mradi unapaswa kubeba ukweli mmoja kuhusu chanzo cha picha, na ukweli huo usibadilike kwa sababu tu mashine fulani ina nakala. Huo ni uamuzi sahihi wa usanifu, na nitaeleza hapa chini jinsi nilivyojifunza usahihi wake kwa gharama. Kasoro iko kwenye kidirisha cha sifa za Read: pembeni ya njia ya chanzo hakuna kisanduku cha pili, cha kusomwa tu, kinachoonyesha mahali nakala ilipo.

Kwa hiyo skripti inalazimika kuanzia upande wa pili, yaani kwenye folda ya nakala. Njia ya folda hiyo inapatikana katika nodi iitwayo preferences, kwenye kisanduku cha localCachePath, na hapa ndipo palipo na mtego wa kwanza, ambao ulinipotezea siku nzima. Nilisoma kisanduku hicho kwa value(), nikapata maandishi haya: [getenv NUKE_TEMP_DIR]/localize. Hayo si njia ya faili. Ni usemi wa TCL, ile lugha ya zamani ambayo Nuke bado inaitumia ndani yake, na unapaswa kutathminiwa kwanza kabla haujawa njia. Nikayapeleka maandishi hayo kama yalivyo kwa os.walk, amri ya Python ya kupita ndani ya folda, na os.walk, inapopewa folda isiyokuwepo, hailalamiki; inarudi kimya bila kitu. Skripti yangu ikatangaza kwamba hakuna nakala hata moja kwenye mashine zote tatu, nami nikaanza kuishuku huduma ya unakili ambayo haikuwa na kosa lolote. Tiba ni herufi chache: tumia evaluate() mahali pa value(), kisha kabla ya kutembea ndani ya folda, hakikisha kwa os.path.isdir kwamba ipo kweli. Namwomba kila anayesoma hapa aiweke hatua hiyo ya pili hata kama anajiamini, kwa sababu makosa yanayonyamaza ndiyo yanayokula siku za watu.

Baada ya kuipata folda, lililobaki ni kuoanisha. Nimeona watu wakiandika kanuni ya kuigeuza njia ya seva iwe njia ya nakala kwa kubadilisha herufi, wakiiga walichokiona kwenye mashine yao. Mimi sikubaliani na utaratibu huo. Mashine zetu mbili zinatumia Windows na moja inatumia Linux. Njia ya seva yenyewe inaandikwa tofauti kwenye mifumo hiyo, mmoja ukianza na herufi ya diski na mwingine ukianza na mkwaju (/), na kanuni iliyofanya kazi mezani kwangu ilianguka kwenye meza ya jirani. Nilichofanya ni kuiacha kabisa njia na kulitazama faili. Skripti inapita mara moja katika folda yote ya nakala, inakusanya jina na ukubwa wa kila faili, kisha kwa kila nodi inayopatikana kwa nuke.allNodes('Read') inatafuta faili lenye jina lilelile na ukubwa uleule na lile la seva. Majina yakigongana, na hugongana pale watu wanapoziita picha zao zote «bg», inasoma fremu ya kwanza ya kila upande na kulinganisha alama zake kwa hashlib, sehemu ya Python inayokokotoa alama ya utambulisho kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Inachukua sekunde chache zaidi, lakini jibu lake ni la hakika, na halitegemei namna toleo hili au lile la programu linavyopanga folda zake za ndani.

Ukubwa wa faili peke yake hautoshi kama mmefanya kosa la kurenda (yaani kukokotoa picha za mwisho) upya juu ya toleo lilelile. Picha mbili zisizobanwa zenye vipimo na chaneli sawa huweza kuwa na uzito sawa hadi baiti ya mwisho huku zikionyesha vitu tofauti kabisa. Dada anayetutengenezea 3D alikwisha kunizoesha kutorekebisha kitu juu ya v003 bali kufungua v004, na nidhamu hiyo ni kinga bora kuliko skripti yoyote niliyoandika, kwa kuwa njia mpya inalazimisha nakala mpya.

Hapa naweka kisa chenyewe cha gharama niliyoigusia. Mwaka juzi tulikuwa na tangazo lililobakiza siku mbili, na umeme wa mtaa ulikuwa ukikatika kila jioni. Nikaamua kuipeleka kazi nyumbani, Kyaliwajjala. Nilinakili folda ya nakala kwenye diski ya nje, nikapanda boda nikiwa nimeifunga diski ndani ya sweta, na kabla ya kuondoka niliendesha skripti fupi iliyozunguka nodi zote za Read na kuandika njia za diski ya nje ndani ya kisanduku cha file. Nyumbani kila kitu kilikwenda vizuri. Nikafanya kazi hadi usiku wa manane, nikahifadhi mradi, nikautuma kwa mashine ya kurendea iliyokuwa studio, umeme ukiwa umekwisha kurudi. Asubuhi tulikuta haijatoka hata fremu moja, kwa kuwa mradi ulikuwa unaitafuta diski iliyokuwa begani kwangu. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Niliigusa sehemu ambayo haipaswi kuguswa: nilikiandika kilichopaswa kusomwa tu, nikabadilisha ukweli wa mradi mzima kwa ajili ya mahitaji ya mashine moja kwa usiku mmoja.

Njia iliyo sahihi ipo ndani ya Nuke yenyewe, na ninasikitika kwamba haitajwi mara nyingi inavyostahili. Inaitwa nuke.addFilenameFilter, yaani kichujio cha majina ya faili. Unaipa kazi (function) uliyoiandika kwa Python, na kila mara programu inapotaka kulifungua faili, kwanza hukupa njia yake. Wewe unairudisha kama ilivyo au unarudisha nyingine, na hiyo ndiyo inayopelekwa kwa mfumo wa kompyuta. Kisanduku cha file hakiguswi. Mradi ukihifadhiwa unabaki na njia ya seva, hata kama usiku kucha umekuwa ukisoma kutoka diski ya nje. Umbo la skripti yetu, nikiliondolea mapambo, ni hili:

import nuke
ramani = {}

def chuja(njia):
    for asili, nakala in ramani.items():
        if njia.startswith(asili):
            return nakala + njia[len(asili):]
    return njia

nuke.addFilenameFilter(chuja)

Kamusi iitwayo ramani ndiyo inayobeba akili yote. Kila ufunguo wake ni folda ya seva na kila thamani ni folda ya nakala inayolingana nayo, na inajazwa studioni, seva ikiwa hewani, na ile skripti ya kuoanisha niliyoieleza, kisha inahifadhiwa kama faili ya JSON, umbizo la maandishi la kuhifadhia data, pembeni ya mradi. Ukiwa nyumbani, au umeme ukikatika, skripti inaisoma JSON hiyo na kuijaza kamusi bila kuigusa seva hata kidogo. Nilijifunza kuyafanya hayo yote mapema kwa sababu kichujio huitwa mara nyingi mno wakati wa kazi. Ukiweka ndani yake swali la kuangalia kama faili ipo kwenye seva, kila mwito utasubiri jibu la mtandao, na programu itakuwa nzito kiasi cha kukufanya uamini kwamba imeganda. Ndani ya kichujio pafanyike ulinganishi wa maandishi tu.

Tahadhari nyingine tatu zimetokana na matumizi. Folda zote mbili katika kamusi zimalizwe kwa mkwaju, la sivyo folda ya shoti_01 itazimeza njia za shoti_010. Usiitaje folda ya juu sana ya mradi, kwa kuwa kichujio hakitofautishi faili inayosomwa na faili inayoandikwa, na ukitaja folda inayofunika pia matokeo ya nodi ya Write, ile inayoandika picha zilizokamilika kwenye diski, picha zako zilizokamilika zitaandikwa ndani ya folda ya nakala ambako hakuna atakayezitafuta. La tatu ni mahali pa kuiweka skripti. Ndani ya folda ya .nuke kuna mafaili mawili yanayoweza kuibeba: init.py, linalosomwa kila mara Nuke inapoanza, hata kwenye mashine ya kurendea isiyofungua dirisha, na menu.py, linalosomwa pale tu dirisha la kazi linapofunguliwa. Kichujio cha nakala kiwekwe katika menu.py. Mashine ya kurendea ina haki ya kusoma chanzo halisi, na isiingizwe kwenye mipango ya dharura ya meza ya mtu mmoja.

Upande wa kuudhibiti unakili wenyewe kwa Python, Foundry wamefanya kazi nzuri na inayoeleweka. Ipo moduli ya nuke.localization, na ndani yake pauseLocalization na resumeLocalization zinasimamisha na kuendeleza unakili, huku isLocalizationPaused ikikujibu hali ilivyo. Sisi tunazitumia kwa jambo dogo lenye faida kubwa: mteja anapokaa mbele ya skrini kubwa kutazama kazi, kitufe kimoja kwenye menyu yetu kinasimamisha unakili kwenye mashine nyingine ili waya usishindaniwe, na alipoondoka kinauendeleza. Sera ya kila nodi nayo inawekwa kwa urahisi kupitia kisanduku cha localizationPolicy, na skripti yetu ya kufungulia shoti mpya huiwasha kwa picha za kamera, ambazo hazibadiliki, na kuiacha isubiri amri kwa picha za 3D, ambazo dada yetu anaweza kuzirenda upya mara nne kwa siku. Tangu tulipofanya mgawanyo huo, msongamano wa asubuhi kwenye seva umepungua sana.

Kuna suala la matoleo ambalo mwenye skripti za zamani hawezi kulikwepa. Nuke 13, iliyotoka mwaka 2021, ilihama kutoka Python 2.7 hadi Python 3, na skripti nyingi za kuchezea kache zinazozunguka kati ya mafundi ziliandikwa kabla ya hapo. Ukiipakua moja na ikakataa kwenye mstari wenye print isiyo na mabano, si kwamba huduma imeondolewa; ni lugha iliyosogea. Aidha, katika matoleo ya zamani sana kisanduku cha sera kilikuwa na jina tofauti, kwa hiyo skripti inayotaja cacheLocal ichukuliwe kama kumbukumbu ya wakati mwingine na iandikwe upya.

Leseni nazo zinagusa jambo hili moja kwa moja, na nalisema kwa ajili ya vijana wanaojifunza wenyewe kule Bombo, Jinja na Tororo, ambao huniandikia wakiuliza waanzie wapi. Toleo la bure lisilo la biashara linatosha kabisa kujifunzia kuunganisha picha, na kikomo chake cha kutoa picha za pikseli 1920 kwa 1080 si kizuizi kwa mwanafunzi. Hata hivyo Python yake imewekewa mipaka, na miradi yake huhifadhiwa kwa umbizo lililofungwa, lenye kiambishi cha .nknc, ambalo toleo la biashara halilifungui. Toleo la Indie, lililoanza mwishoni mwa mwaka 2020 kwa bei ya dola 499 kwa mwaka na kwa wenye mapato yasiyozidi dola 100,000, ni nafuu kwa fundi anayefanya kazi peke yake, lakini nalo halina Python kamili. Kwa hiyo anayetaka kujenga utaratibu wa skripti kama huu wa kwetu afahamu tangu mwanzo kwamba analihitaji toleo kamili, na bei yake kwa shilingi za Uganda ni uamuzi wa studio, si wa mtu mmoja. Naliona hilo kuwa jambo la kusikitisha, kwa sababu anayezihitaji zaidi nakala za karibu ni yule mwenye mtandao dhaifu na umeme usiotulia, na mara nyingi huyo ndiye asiyeweza kulipia toleo lenye Python yote.

Nimeulizwa kama After Effects, programu nyingine ya kuunganisha picha, haifanyi kitu hichohicho kwa kache yake ya diski. Haifanyi. Kache ile huhifadhi fremu zilizokwisha kukokotolewa, kwa matumizi ya programu yenyewe, na si nakala ya faili za chanzo ambazo mtu anaweza kuzichukua na kuondoka nazo. Natron, programu huria iliyoanzia katika taasisi ya INRIA ya Ufaransa na inayofanana sana na Nuke kwa mpangilio wa nodi, nayo ina Python na ina kache, lakini kinachowekwa humo vilevile ni matokeo ya ukokotoaji. Ulinganisho huo unaipa Nuke heshima yake: nakala zake ni mafaili halisi ya EXR, yanayofunguka kwa programu yoyote, na ndiyo maana swali la njia zake lina uzito. Kitu kinachoweza kutumika nje ya programu kinastahili kuwa na anwani inayojulikana.

Kwa hiyo unakili wenyewe naupa alama 9 kati ya 10, na alama moja naizuia kwa sababu ya folda ya awali kuwekwa kwenye diski ya mfumo, jambo linalowaadhibu wanaoanza. Ufikiaji kwa skripti naupa 6. Udhibiti ni mzuri, kichujio cha majina ya faili ni hazina, lakini swali la msingi la nakala iko wapi limeachwa bila jibu la wazi, na kila studio inalijibu kwa namna yake. Kisanduku kimoja cha kusomwa tu kwenye nodi ya Read, chenye njia kamili ya nakala kwa fremu ya sasa, kingezifuta takriban mistari 200 ya Python tunayoitunza sisi.

Skripti ya mwisho tuliyoongeza ni ya usafi. Nuke ina amri ya kufuta nakala zisizotumika, iliyo katika menyu ya Cache, nasi tuliacha kuitumia kwa mkono baada ya kuona jinsi ilivyo rahisi kuibonyeza jioni ileile ambayo mtu mwingine anapanga kuondoka na nakala hizo. Sasa kila Ijumaa saa kumi na moja jioni skripti yetu inaisoma JSON ya kila mradi ulio wazi, inahakikisha kwamba kila faili inayotaka kuifuta ipo kwenye seva na alama zake zinalingana, kisha inaonyesha orodha kwa Mzee, na mpaka atakapoandika jina lake kwenye dirisha dogo la uthibitisho, haifuti kitu.